Visanamu Hivi Havikuumbwa Kuegemezwa Ukutani

Nilisimama muda mrefu mbele ya kabati la kioo katika jumba moja la makumbusho nchini Ujerumani, nikimtazama Harlequin, kisanamu cha mchekeshaji kilichofinyangwa kwa kaure, aliyeketi juu ya kisiki huku amekamata jagi, nusu ya uso wake imefunikwa kwa barakoa nyeusi. Nilitamani kuuona mgongo wake, kwa kuwa mgongoni ndiko mwigizaji hukusanya nguvu kabla ya kuruka, lakini alikuwa amepangwa safu moja na wenzake, wote wamepewa ukuta kama sahani za kabatini. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba visanamu hivi vinatazamwa sivyo.

Harlequin ni mtumishi mjanja na mlafi wa commedia dell'arte, maigizo ya vichekesho yaliyozaliwa Italia katika karne ya 16. Waigizaji wake hawakukariri maneno. Walikubaliana muhtasari wa kisa, kisha kila mmoja akaujaliza papo hapo kwa ulimi na viungo vyake: Pantalone, mfanyabiashara bahili wa Venice, Daktari asiyekwisha maneno, Kapteni mwenye majigambo ambaye hatari ikitokea ndiye wa kwanza kukimbia. Kwa hiyo kilichobaki kwenye karatasi ni kidogo mno kuliko kilichochezwa jukwaani, na kwa maoni yangu kaure imetuhifadhia sehemu ya sanaa hiyo ambayo wino haukuiweza, yaani mkao, mshtuko, na namna ya kuvua kofia.

Mfinyanzi wa visanamu Johann Joachim Kändler alianza kazi mwaka 1731 katika kiwanda cha kaure cha Meissen, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710 baada ya Wazungu kuitafuta kwa muda mrefu siri ya kaure ya China, ileile ambayo mabakuli yake yalipachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam. Baadhi ya visanamu vya Meissen viliigwa kutoka kwenye michoro ya kitabu cha Luigi Riccoboni kuhusu maigizo ya Kiitaliano, na wapo wanaoona kwamba jambo hilo linavipunguzia thamani. Mimi naona kinyume chake. Mchoro una upande mmoja tu, hivyo mgongo, visigino na mkunjo wa joho kwa nyuma vilitoka kichwani mwa mfinyanzi mwenyewe. Nasi tunamgeuzia ukutani kile hasa alichokibuni.

Tena havikutengenezwa kwa ajili ya rafu. Katika karamu za kifalme vilipangwa katikati ya meza wakati wa vitamutamu, vikichukua nafasi ya visanamu vya sukari vilivyovitangulia, na wageni walioketi pande zote waliviona kila mmoja kwa upande wake, katika mwanga wa mishumaa.

Mfinyanzi anayenigusa zaidi ni Franz Anton Bustelli, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Nymphenburg huko Bavaria kuanzia mwaka 1754 hadi alipofariki mwaka 1763. Takriban mwaka 1760 alibuni visanamu 16 vya wahusika wa commedia dell'arte, kila kimoja na mwenzake, vyenye kimo cha sentimita 20 hivi. Kaure hulainika ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 1400 hivi, na miguu myembamba peke yake haiwezi kuubeba mwili bila kupinda; ndiyo maana visanamu vingi vya wakati ule vimeegemea kisiki. Bustelli aliligeuza tatizo hilo kuwa uzuri: kitako cha kisanamu huinuka kama wimbi, kikajikunja na kumshika mchezaji mguuni, hata ukadhani ni sakafu yenyewe inayomrusha. Ukikitazama kutoka mbele tu, huioni safari ya wimbi hilo.

Ninawaomba wanaovitunza waviondoe ukutani. Meza moja ya duara yenye kioo pande zote inatosha, na taa iwekwe chini, isiwamulike kutoka darini. Octavio, mmoja wa visanamu hivyo vya Bustelli, asimame upande mmoja wa meza hiyo, na mpenzi wake Isabella awekwe ng'ambo, amgeukie, ili anayepita katikati yao ajue kwamba ameingilia mazungumzo.