Eti Sayansi ya Babu

Wiki jana nilikuwa Kisumu kwenye kikao cha miradi. Kijana mmoja wa shahada ya pili akaeleza jinsi alivyoipiga kuvu ya Trichoderma miale ya urujuanimno ili itoe kimeng'enya zaidi cha kuvunja makapi ya miwa. Mzee wa jopo akamkata kauli: "Hiyo ni sayansi ya babu. Siku hizi tunahariri jeni." Ukumbi ukacheka. Mimi nikanyamaza, chai ilikuwa bado haijaletwa. Sasa nimekunywa, nasema.

Babu gani huyo? Kuvu hiyo, ile aina iitwayo Trichoderma reesei, ilipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikitafuna turubai za jeshi la Marekani. Katika miaka ya 1970, watu wa Chuo Kikuu cha Rutgers wakaipiga miale, wakaitia kemikali ya kubadili vinasaba, wakaipiga miale tena. Ikatoka aina mpya, RUT-C30, na watafiti wa selulasi, yaani kimeng'enya cha kuvunja nyuzi za mimea, hawajaacha kuitaja mpaka leo. Hakuna aliyehariri chochote.

Kupiga miale si kazi, hata mtoto wa kidato cha pili ataweza. Unaua spora, yaani mbegu za kuvu, tisini na tisa katika kila mia, na hiyo moja iliyopona huenda imebadilika, huenda imelemaa tu. Unaziweka gizani, maana zikiona mwanga zinajitibu. Jasho liko kwenye kuchagua. Unazipanda juu ya selulosi, yaani zile nyuzi za mimea, unamwaga rangi nyekundu ya Kongo, unaosha kwa maji ya chumvi, halafu unakodolea macho sahani baada ya sahani ukitafuta duara lililopauka, pale selulosi ilipovunjwa. Kuvu ikishiba sukari huacha kazi, kama fundi uliyemlipa kabla hajamaliza ukuta. Wale wa Rutgers wakaitilia sukari ya uongo, inayoiambia imeshiba na kumbe haijala kitu. Zile zilizoendelea kumeng'enya selulosi bila kudanganyika, ndizo walizochukua. Baadaye ikaonekana jeni ya breki, cre1, ilikuwa imekatika. Huo ni ujanja, mzee wangu, si ushamba.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika Nakuru miezi mitatu na sahani zaidi ya mia nne. Nikapata moja yenye duara la kupendeza, nikaita jirani aje aone. Kuipanda mara ya tano, ikarudi kuwa kama mamake.

Haya, nakubali shingo upande: ni kurusha jiwe gizani. Hiyo RUT-C30 ilipoteza pia kipande chenye jeni 29, na hilo halikujulikana mpaka 2008. Kuhariri jeni ni kazi safi zaidi. Lakini kijana wetu ana taa na sahani, na makapi ya viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil yako palepale.

Na yule mama aliyeuliza kikaoni kama hii ni GMO: hapana, hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa humo.

Baada ya kikao nilimfuata kijana nje nikamuuliza ametazama sahani ngapi. Mia mbili, akasema. Nikamwambia afike elfu moja ndipo aanze kulia.

"Na agari, ule utomvu wa kupandia kuvu kwenye sahani, nitatoa wapi, mwalimu?"

Nina nusu mkebe kabatini. Aje Nakuru achukue, nauli ya matatu ajilipie.