Fo-wili ya nembo tu
Kinachonikera katika kutafuta gari dogo la fo-wili (4WD, linaloendeshwa na magurudumu yote manne) lililotumika, la kubebea familia, ni hiki: muuzaji anakuonyesha redio, viti vya ngozi na rangi inayong'aa, lakini ukimuuliza oili ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, ilibadilishwa lini, anakutazama kama umemtukana.

Juzi nililala chini ya gari moja nikakuta propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, haipo. Imefunguliwa! Nembo ya 4WD ipo nyuma, bei ni ya fo-wili, ila magurudumu ya nyuma yanaburutwa tu. Mwenye gari akanijibu, "Hata hivyo hutaihitaji." Nani kamwambia?

Jingine lilikuwa na matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma. Kwa magari kama RAV4, Forester au CR-V hilo si jambo dogo. Tairi lililolika lina mzingo mdogo, hivyo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko jipya, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unafanya kazi bila kupumzika mpaka unachakaa. Siku hizi nikijaribu gari nakata usukani hadi mwisho na kuzunguka polepole kwenye lami kavu. Likianza kushtuka na kukaza kama limeshikwa breki, najua mfumo huo una kasoro, nashuka.

Nina watoto wa kupakia humo, usiku, mvua ikinyesha, njia imejaa matope. Anayeuza gari lililofunguliwa shafti bila kusema anawaona watoto hao wakiwa wamesimama pembeni yangu, na bado ananyamaza.