Wimbo Umefika, Mwimbaji Hajulikani Aliko

Mwaka 2023 nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, pale Mabibo. Kikao cha tatu, tukafika kwenye ajenda ya burudani. Mweka hazina wetu, mama mmoja mtulivu, akatoa simu kwenye mkoba akasema, "Mimi nataka huyu aje atuimbie wakati wa keki." Akabonyeza. Watu wote wakanyamaza. Gitaa lilipigwa taratibu, sauti ya kijana imetulia, maneno ya ndoa yamepangwa na mtu mwenye adabu zake. Hakuna aliyepinga. Laki nne ikatengwa pale pale.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Anaitwa nani?"

Tukaangalia kwenye kioo cha simu. Kimeandikwa AUD-20230812-WA0031. Basi, hakuna kingine. Mama aliutumiwa na wifi yake wa Morogoro, wifi aliutoa kwenye grupu la kwaya, na huko kwenye kwaya kila mtu alisema ameletewa na mwenzake. Tukaandika mistari ya kiitikio kwenye Google, tukajaribu YouTube, hatukuambulia kitu. Baada ya wiki mbili ile laki nne ikahamishiwa kwa DJ.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu watano hapa Dar es Salaam, na ndiye ninayeshughulika na mambo yetu ya mtandaoni. Nilitoka kwenye kikao kile nimeumia kana kwamba ile kazi ilikuwa yangu. Kijana yule alishafanya lile gumu kuliko yote: ametunga wimbo ambao watu wasiomjua wanatumiana wenyewe, bure, bila yeye kulipia tangazo hata moja. Halafu akapoteza kazi kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi.

Wanamuziki tunapenda kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nakubali, lakini hata chema hakiuziki kama mnunuzi hajui duka liko wapi. Ndiyo maana ushauri mwingi tunaopewa kuhusu mtandao haunitoshi. Tunaambiwa tuongeze wafuasi, tuposti kila siku, tufuate mtindo unaovuma wiki hii. Msanii wa kujitegemea wa huku kwetu analishwa zaidi na harusi, sendofu, hoteli na tamasha moja moja kuliko na idadi ya waliosikiliza. Spotify ilifunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi chochote huko. Weka nyimbo zako huko, mimi pia nimeweka. Ila kazi ya kwanza ya mtandao kwa mtu kama sisi ni kuhakikisha anayekutaka anakupata, leo, kwa simu yake ya kawaida na bando lake la MB chache.

Anza na faili lenyewe la wimbo. Nyimbo zetu hazikai sehemu moja. Zinarushwa WhatsApp, zinaingia kwenye memori kadi na flashi za bodaboda na saluni. Ukituma wimbo WhatsApp kama sauti, simu ya anayepokea inaupa jina la namba na tarehe kama lile tuliloliona Mabibo. Ukiutuma kama dokumenti, jina ulilolipa faili linabaki. Kwa hiyo kwanza lipe jina la maana: jina lako, kistari, jina la wimbo, kistari, namba ya simu. Pili, jaza taarifa zilizomo ndani ya faili la MP3, zile ambazo kicheza muziki cha simu husoma na kuonyesha: msanii, jina la wimbo, mwaka, albamu. Mimi kwenye nafasi ya albamu naandika jina la bendi na namba ya kutukodi, maana sehemu hiyo simu nyingi huionyesha. Weka na picha ya jalada yenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Zipo programu za bure za kufanya hivyo hata kwenye simu, na wimbo mmoja haumalizi dakika tano. Faili likibadilishwa jina njiani, taarifa za ndani kwa kawaida hubaki nalo.

Halafu jitaje ndani ya wimbo. Wazee wetu wa dansi walilijua hili kabla ya simu za mkononi. Bendi ya Mlimani Park walikuwa na mtindo wa Sikinde, bendi ya Maquis walikuwa na Kamanyola. Mtindo ulitajwa ndani ya wimbo wenyewe, na wapigaji wakaitwa kwa majina pale magitaa yanapochemka. Msikilizaji wa redio alijua anamsikiliza nani hata mtangazaji asiposema. Siku hizi prodyuza ndiye anayejitaja mwanzoni mwa wimbo, na ana haki, lakini mwimbaji mchanga anasahau kuweka lake. Sekunde mbili zinatosha.

Jina nalo liwe moja kila mahali. Ukijiita Amani, umeshindana na kila sentensi ya Kiswahili inayozungumzia amani, na hapo Google haikusaidii. Ongeza neno la pili, la ukoo au la mtaa. Na ukishaamua namna ya kuliandika, usilibadilishe. Nimeona msanii ambaye nyimbo zake zimegawanyika kwenye kurasa mbili za mtandao mmoja wa muziki kwa sababu mara moja aliandika herufi moja zaidi.

Sasa tovuti. Wengi wanadhani ni jambo la wakubwa, au wanaona Instagram inatosha. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Miaka miwili kabla ya hapo Myspace, mtandao wa kijamii uliotamba zamani kwa muziki, walikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwao kati ya mwaka 2003 na 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha seva, na zilitajwa zaidi ya milioni 50. Kuna wanamuziki ambao hiyo ndiyo ilikuwa kopi yao pekee. Sisemi uache kuposti. Nasema pawe na mahali pamoja ambapo ni pako, na kopi za nyimbo zako ziwe kwenye diski yako, nyumbani.

Ukurasa mmoja unatosha kabisa. Mtu wa kamati ya harusi au meneja wa hoteli anataka kujua mambo machache: mnapiga muziki gani, mko wangapi, mnakuja na vyombo vyenu au mnategemea vya ukumbi, mnapiga saa ngapi, na anampigia nani. Namba iandikwe kwa maandishi ya kubonyezeka, isiwe ndani ya picha. Kiungo cha WhatsApp kinatengenezwa hivi: wa.me, mkwaju, kisha namba yako ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Akibonyeza, mazungumzo yanafunguka. Bendi yetu imepata kazi tatu za hoteli za Bagamoyo kwa njia hiyo, na wote watatu walianza na ujumbe uleule wa "habari, nimeona ukurasa wenu".

Nyimbo tatu, si thelathini. Na video moja ya laivu, hata kama imerekodiwa kwa simu, mradi sauti isikike na nyuso zionekane. Watu wa matamasha, kama hawa wa Sauti za Busara kule Zanzibar ambao tangu mwaka 2004 wanaleta bendi zinazopiga kweli jukwaani, video ya studio yenye magari na midomo inayofuatisha haiwaambii kama unaweza kusimama mbele ya watu saa nzima. Andika kwa Kiswahili kwanza. Chini yake weka aya moja ya Kiingereza kwa ajili ya hoteli na wageni, fupi, iliyosahihishwa na mtu anayekijua.

Uzito wa ukurasa ni jambo ambalo watengenezaji wengi wa tovuti hawalijali, na linanikera. Dakika moja ya MP3 ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu MB moja, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB nne, sawa na picha moja isiyopunguzwa iliyotoka kwenye simu nzuri. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unakula bando la mtu kabla hajasikia gitaa. Punguza kila picha ibaki chini ya KB 200, na wimbo usianze kulia wenyewe. Mwache mgeni abonyeze. Kisha azima simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani, zima waifai, fungua ukurasa wako ukiwa ndani ya daladala. Usipofunguka kabla hujachoka kusubiri, rudi ukapunguze.

Hapa lazima niseme jambo lililotupata. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na kijana aliyependekezwa na rafiki, na jina la tovuti akalisajili kwa barua pepe yake. Hatukuuliza. Mwaka wa pili ada ikafika, taarifa zikaenda kwake, yeye alishahamia mkoa mwingine na namba amebadilisha. Jina likafa. Lilikuwa limechapishwa kwenye kadi 500 na kwenye fulana zetu zote. Sikulala vizuri wiki nzima. Jina la .co.tz unalisajili mwenyewe kupitia mawakala wanaotambuliwa rasmi, kwa jina lako, kwa barua pepe unayoifungua kila siku, na tarehe ya kulipia unaiandika ukutani. Laini ya kazi vilevile isajiliwe kwa kitambulisho chako au cha kiongozi wa bendi, isiwe ya mpiga tumba anayeweza kuondoka nayo kesho.

Jambo ambalo limetusaidia kuliko yote ni daftari. Kila tunapopiga, linakaa mezani karibu na mlango pamoja na kalamu mbili. Anayetaka anaandika jina na namba yake mwenyewe. Hatuchukui namba za watu kwenye magrupu, wala hatumwingizi mtu kwenye grupu bila ridhaa. Kesho yake asubuhi kila mmoja anapata ujumbe wenye jina lake, unaomshukuru na kumwomba ahifadhi namba yetu. Hilo la kuhifadhi lina sababu: orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi kwa mpigo, inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Usipowaambia, unaweza kutangaza shoo kwa watu mia mbili na wakaipata ishirini. Hatutumi zaidi ya mara mbili kwa mwezi. Na sauti ya mwanabendi akisema "tunapiga Ijumaa, karibuni" inaitikiwa kuliko bango la rangi.

Yule kijana nilimpata Machi mwaka uliofuata, kwa bahati, kwenye msiba Magomeni, alipopewa gitaa wakati wa maombi. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona uso. Nilipomweleza habari za Mabibo alikaa kimya, kisha akauliza, "Laki nne?" Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani na simu yake ikiwa na nyimbo 14, hakuna hata mmoja wenye jina lake. Tulikaa barazani mpaka adhuhuri, yeye anataja, mimi naandika. Tulianza na ule wa keki, na ulipokuwa tayari nikamtumia mweka hazina wetu kama dokumenti.