Mwanachuo, acha upinde ufuate mti wa kuchimbia

Nawakalimania wanachuo wa Marekani na Ulaya wanaokuja Ziwa Eyasi kujifunza mazingira na maisha ya Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa kaskazini mwa Tanzania, na ugomvi wangu ni na ratiba zao. Alfajiri gari linatoka Mang'ola, linapita mashamba ya vitunguu, wanaume wanapekecha moto, wanarusha mishale, ngoma kidogo, picha. Saa nne mmeshageuza kuelekea Ngorongoro. Watalii wa kawaida nao hufanya hayo hayo, ila wao hawapewi alama za mtihani.

Safari moja gari liliharibika, tukakwama kambini kutwa. Wanaume walikwishaingia porini, basi tukawafuata akina mama. Mmoja wao aligonga ardhi kwa ncha ya mti wake wa kuchimbia, akategea mlio, akasogea hatua mbili, akagonga tena. Kisha akampa mti ule binti mmoja wa chuo. Binti alihangaika nusu saa kati ya mawe, jasho likimchuruzika, mwisho akakivunja kiazi katikati. Kikachomwa, tukagawiwa. Kiazi kile hutafunwa, ukameza utamu na kutema makapi. Binti wetu, kwa adabu zake, akameza vyote. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu, na hapo mkalimani hakuhitajika.

Maana siku nyingine kazi ni ngumu. Swali linatoka kwa Kiingereza, mimi nalitia Kiswahili, kijana wa pale analigeuza Kihadza, lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu. Kijana mmoja wa chuo aliuliza kwa nini hawalimi. Jibu lilirudi fupi: "Yeye analima?" Jembe alikuwa hajawahi kulishika.

Linaloniuma zaidi ni ardhi, ambayo haimo kabisa kwenye ratiba. Wahadzabe ni watu elfu moja na ushei tu, wamebanwa na mashamba na mifugo ya majirani. Mwaka 2011 wale wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na sasa msitu wao unawaingizia fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza miti inayofyonza hewa hiyo, kwa sababu haukatwi. Mwanafunzi wa mazingira anataka somo gani tena? Mbuyu ukiangushwa, ubuyu umekwenda na mzinga wa nyuki umekwenda. Ndege mlembe, yule anayewaonyesha watu asali, atamwongoza mtu wapi? Hayo huyaoni kwa muda wa saa tatu ukiwa umeshika kamera. (Wanachuo wetu wa Kitanzania sijawahi kuwapeleka hata kundi moja, lakini hilo nitaliandikia siku yake.)

Juzi nimeletewa ratiba nyingine: "Kuwinda, saa 12 hadi saa 3 asubuhi." Nimeukata mstari huo, nikaandika juu yake: kuchimba viazi na akina mama, siku nzima. Bado hawajanijibu.