Kiboko kinamaliza kosa mapema mno

Asubuhi moja mwezi uliopita nilipita langoni mwa shule moja ya msingi hapa Moshi. Watoto kama kumi na wawili waliochelewa walikuwa wamepanga mstari. Mwalimu wa zamu akawachapa viganjani, viwili viwili, wakakimbilia darasani huku wakipuliza mikono. Hakuna aliyeulizwa kwa nini amechelewa. Shughuli nzima haikufika dakika tano.

Dakika hizo tano ndizo hoja nzito kuliko zote ya wanaotetea fimbo, na siibezi. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani atapata wapi muda wa kumkalisha kila mmoja? Na mama anayefunga biashara yake Kiboriloni jioni, akafika nyumbani akakuta vyombo havijaoshwa na ng'ombe hajakatiwa majani, anataka jambo liishe palepale. Wanasema pia, na ni kweli, kwamba wapo wazazi walioweka fimbo chini wasishike kitu kingine. Mtoto ana miaka kumi na mbili, sahani yake inaondolewa mezani na dada wa kazi.

Sheria nayo haijafuta kiboko shuleni. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Ukizisoma vizuri, zinakichukulia kiboko kuwa jambo zito la nadra. Pale langoni kilikuwa cha kila siku, kama kengele. Na mazoea hayo yana mwisho mbaya: mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, kwa tuhuma ya kuiba mkoba.

Ila hata kiboko kisichojeruhi nina ugomvi nacho. Kinafunga hesabu kabla deni halijalipwa. Mtoto akishachapwa amemaliza, na aliyemkosea bado ana hasara yake. Adhabu za kung'oa visiki au kumwagilia bustani, ambazo tunaziona za kistaarabu zaidi, mara nyingi zina kasoro ileile. Kisiki kinahusiana nini na kuchelewa? Tunamfundisha tu kwamba jembe ni adhabu, halafu tunashangaa akikimbia kihamba, shamba la ukoo.

Nikiwa darasa la nne nilimfunga mbuzi kwa fundo la harakaharaka ili niwahi mpira. Akafunguka, akala maharage ya mzee jirani, karibu mistari mitatu. Nilimwomba bibi anichape yaishe. Hakunichapa. Alikata jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ndilo la kuombea msamaha, akanishikisha, tukaenda.

"Sema mwenyewe," akaniambia.

"Shikamoo babu. Mbuzi wetu amekula maharage yako. Nilimfunga vibaya."

Yale maneno mawili ya mwisho yalikataa kutoka. Nilirudia mara mbili ndipo yakasikika. Mzee akapokea jani, kisha akanionyesha palipoliwa. Nikapanda upya, na hadi mavuno, kila Jumamosi, palizi ya pale ilikuwa yangu.

Najua mtetezi wa fimbo atakachosema: bibi alikuwa na Jumamosi nyingi, mwalimu hana. Kweli, na ndiyo maana sidhani walimu waachiwe mzigo huu peke yao. Lakini kumuuliza aliyechelewa sababu, kisha akabaki jioni kumalizia somo lililompita, hakuhitaji msimu mzima. Wengine watajibu kwamba wamechelewa kwa kuchota maji, na hapo wa kuitwa ni mzazi.

Maharage yalipovunwa, mzee alileta kisado kimoja nyumbani. Alimwambia bibi ni ya yule aliyepalilia.