Una miaka 35 na utumbo umewaka: ukatwe au usubiri?

Miaka ya nyuma ukipata daivatikulaitisi na hujafika 50, madaktari wengi wa upasuaji walikuwa wanakwambia ukishapona tu urudi ukatwe kile kipande cha utumbo mpana, hata kama ni mara yako ya kwanza. Mtu wa miaka 70 yeye alisubiriwa mpaka ishambulie mara ya pili. Hoja zilikuwa mbili, kwamba kwa vijana ugonjwa unakuja mkali zaidi, na kwamba kijana ana miaka mingi mbele ya kuugua tena.

Kwa asiyeujua, ni vile vijifuko vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo, watu kibao wanavyo na hawajui, sasa kimoja kikivimba au kikitoboka ndo unapata homa na maumivu ya chini kushoto, yale ya kutembea umejikunja huku unashikilia tumbo.

Hoja ya kwanza imechuja. Kabla CT skani, zile picha za ndani ya mwili, hazijawa za kawaida kijana akija na tumbo linauma daktari anawaza kidole tumbo, anampasua, anakuta kumbe ni vile vijifuko, basi kwenye rekodi anaonekana mgonjwa aliyehitaji upasuaji wa dharura, yaani ukali mwingine ulikuwa wa kubahatisha tu. Hoja ya pili ina ukweli, kwa vijana unajirudia zaidi. Ila kujirudia sio kutoboka! Kutoboka kubaya mara nyingi kunatokea kwenye shambulio la kwanza, kwa hiyo kumkata mtu ili asitoboke baadaye ni kumkinga na kitu ambacho kwa sehemu kubwa kimeshampita. Mwongozo wa 2014 wa chama cha madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana Marekani ukasema umri peke yake sio sababu ya kukata.

Hata antibaiotiki zimepunguzwa heshima. Utafiti wa Sweden na Iceland uliotoka 2012 uliwagawa wagonjwa 623 wasio na jipu wala kutoboka, wengine wakapewa na wengine hawakupewa, na haikuonekana tofauti ya maana.

Sasa mimi niko upande wa kusubiri, lakini kuna watu wamegeuza kusubiri kuwa dini na hapo siwaelewi. Uholanzi walilinganisha watu ambao ugonjwa unawarudia au maumivu hayaishi, waliokatwa wakawa na maisha nafuu kuliko waliobaki na dawa. Bure haikuwa, kuna ambao maungio ya utumbo yalivuja, na yakivuja unaweza kurudishwa theatre na kuamka na mfuko wa choo umebandikwa tumboni, ukiwa na miaka 35 hilo sio jambo dogo.

Kwa hiyo kuhesabu mashambulio, mara mbili kata mara moja acha, naona hakusaidii. Hesabu siku ulizolala, safari ulizoahirisha, usiku unaokaa macho ukisikilizia upande wa kushoto. Kama ni mara moja na umepona kabisa, kisu cha nini? Kama utumbo umeziba au umetoboa njia mpaka kwenye kibofu, mjadala unakuwa mwingine, hapo kukatwa ndo tiba yenyewe.