Wali Uliopaliwa kwa Gitaa

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga mjini, na kwake yeye wali usiopaliwa makaa haujapikwa, umechemshwa tu. Alipokuja kwetu Memphis, Tennessee, kumsaidia binti yake baada ya kujifungua, tulimwonyesha jiko la umeme, mashine ya kuoshea vyombo, na ile sufuria ya umeme inayopika wali kisha ikajizima yenyewe. Aliitazama kwa huruma.

"Inajuaje kama umeiva?"

Tukamwambia inajua.

"Haijui," akasema. Na tangu siku hiyo kila tukipakua wali wa ile mashine, alikuwa akimeza tonge la kwanza, akinyamaza kidogo, kisha anauliza kama kesho mvua itanyesha.

Nimeanza na wali makusudi, lakini kisa chenyewe ni cha gitaa.

Kwa muda mrefu nilikuwa nalitamani gitaa la resoneta, lile lenye bati kubwa la duara kifuani. Nililisikia kwanza pale Beale Street, mtaa wa muziki wa hapa Memphis, mzee mmoja kakaa kwenye kiti cha kukunja, hana spika wala waya, bendi ya baa ya pili inavuma na tarumbeta zake, na bado gitaa lake linasikika ng'ambo ya barabara. Siri yake iko ndani. Miaka ya 1920, kabla gitaa la umeme halijashika kasi, wapiga gitaa walikuwa wakimezwa na ngoma na tarumbeta. Fundi mmoja mhamiaji kutoka Slovakia, John Dopyera, aliyekuwa na karakana huko Los Angeles, akabuni gitaa lenye koni za alumini nyembamba tumboni. Nyuzi zinakandamiza daraja, yaani kile kipande kinachozibeba, daraja linatikisa koni, koni inapiga kelele. Mwaka 1927 likaja kampuni la National kuyatengeneza, kwanza ya koni tatu, baadaye ya koni moja yaliyokuwa na bei nafuu kidogo. Wapiga blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, wa Delta ya Mississippi wakayapokea kwa mikono miwili, Son House mmoja wao, na Bukka White, ambaye alikufa hapahapa Memphis mwaka 1977.

Mimi shida yangu ilikuwa ndogo kuliko ya Bukka White. Nilitaka nisikike kwenye shughuli za Watanzania. Ukipiga gitaa la kawaida pale akina mama wanapokumbushana habari za harusi ya mwaka juzi, unaonekana unajikuna tumbo.

Gitaa la National la miaka ya 1930 linauzwa maelfu ya dola, kwa hiyo hilo nililiacha litamaniwe na wenye nyumba zao. Nikapata la mkono wa pili, la chuma, limeundwa China, kwa mzee mmoja wa Clarksdale, Mississippi. Ni mwendo wa saa moja na nusu ukishuka na barabara kuu namba 61. Mzee alikuwa barazani ananisubiri. Akanipigia kidogo, roho yangu ikaruka, ila nikasikia ndani ya sauti kuna kitu kinachogonga: zzzz.

"Hiyo nini?"

"Linatetemeka kidogo," akasema. "Blues haijali."

Alitaka dola 400. Nikataja 250 na kumwonyesha mikwaruzo. Akasema 400. Basi nikafanya kama nilivyokulia Kariakoo: nikamshukuru, nikaaga, nikaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye gari huku nimetega sikio nyuma nikingoja kuitwa. Mzee naye akaniaga vizuri sana, akabeba gitaa lake, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilikaa kwenye gari muda ambao sitausema. Mwishowe nilishuka nikaenda kubisha hodi. Akafungua, akasema 400.

Nyumbani mke wangu aliliangalia, akaniangalia mimi, akarudi kumnyonyesha mtoto. Mama mkwe ndiye aliyelipokea kwa heshima. Alilipakata, akalipima uzito, akaligonga kwa pete yake mgongoni, ubavuni, kifuani, na kila akigonga anasikiliza.

"Bati zuri," akasema. "Hili lingekuwa sufuria, lingelisha hitima."

Kisha akaligonga karibu na kichwa, pale kwenye vikazio vya nyuzi, akakunja uso. "Hapa linalia vibaya."

Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba tatizo la magitaa haya huwa ni koni. Nilikuwa nimeshasoma. Koni ikikaa vibaya kwenye ukingo wake, au kile kisahani cha mbao kinachobeba daraja kikipata ufa, gitaa zima linatetemeka. Mama akasema, "Haya baba, wewe ndiye unayejua," kwa ile sauti ambayo wakwe wote wa pwani wanaijua.

Nyumba yetu ina meza moja tu, ya kulia chakula, na ndiyo ofisi, ndiyo pasi ya nguo, ndiyo karakana. Jumapili asubuhi nikalilaza gitaa juu ya taulo. Nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu tisa za bati la juu, nikaliinua. Koni yenyewe haifungwi na kitu, haina gundi wala skrubu. Inashikiliwa pale kwa mkandamizo wa nyuzi tu, nyuzi zikilegea unaitoa kwa vidole viwili. Na ni nyepesi ajabu. Upana wake sentimeta 24, ukiisimamisha kilele juu unaona kawa la kufunikia chakula, ila hili ni la alumini, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Kwenye kilele kuna tundu moja dogo ambamo skrubu inapita kushika kile kisahani cha mbao. Nikakitoa kisahani. Kweli, kilikuwa na ufa! Nilifurahi mno. Nikatoka kwenda kununua gundi ya mbao.

Sasa siku hiyo tulikuwa na wageni. Hilo nililijua, lakini wageni wa Kitanzania wakisema saa saba mtu ana nafasi ya kununua gundi, kuitumia, ikauka, na akaoga. Mke wangu yeye aliamua siku hiyo kuamini saa saba. Akaifagia meza. Gitaa likaenda chumbani, na "vile vyuma vyako", kama alivyonieleza baadaye, akaviweka jikoni mahali salama, juu ya kichanja cha vyombo, katikati ya sahani zilizooshwa.

Niliporudi niliusikia moshi kabla sijazima gari. Moshi wenyewe ulikuwa na harufu ya nazi, na nikajua mara moja kwamba uvumilivu wa mama mkwe umefika mwisho. Nikazunguka uani. Pale pana jiko la kuchomea nyama la wapangaji wote, la mkaa, ambalo majirani hulitumia kwa soseji. Mama alikuwa amekaa kando yake juu ya kreti ya plastiki, kanga kiunoni, anapepea kwa kifuniko cha boksi la nepi. Juu ya jiko, sufuria. Juu ya sufuria, koni yangu, imepinduliwa kilele chini, imejaa makaa mekundu.

Miguu iligoma. Lakini mdomo wa mtoto wa Kiswahili una mambo yake, haungoji akili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Leo utakula wali."

Nikasimama. Sikuwa na neno. Utamwambia nini mama aliyekuzalia mke, aliyevuka bahari kuja kumwosha mwanao, ambaye hajala wali aliouridhia tangu atue? Utamwambia hicho ni chombo cha muziki?

Akaona naangalia kifuniko. "Nimehangaika," akasema. "Vifuniko vyenu vyote vya kioo, ukivitia makaa vinapasuka. Nikakikuta hiki pale kwenye vyombo. Kimeenea sufuria sawasawa, na tundu la mvuke kinalo. Mtu aliyekitengeneza anajua kupika."

Mke wangu akatokea mlangoni na mtoto begani. Alitazama jiko, akanitazama, nikaona elimu inamwingia polepole. Akageuka akarudi ndani mbio, na kwa jinsi mabega yalivyokuwa yakitikisika nilijua halii.

Jirani wetu wa chini, mzee mmoja Mmarekani mweusi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipiga besi kanisani, alikuja kuangalia kinachoungua. Akainama juu ya sufuria. Akavua kofia.

"Kijana," akaniambia, "hiyo si koni ya resoneta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alikaa chini kwenye majani. Si kwamba alichagua kukaa, kicheko kilimkalisha. Mama akamwuliza binti yake dirishani kama mzee yule anaumwa, na kama anaumwa apewe maji ya tangawizi.

Ndani nikakuta na bati la juu la gitaa, lile lenye matundu yaliyopangwa kwa urembo. Liko juu ya bakuli, linachuja mafuta ya bhajia. Kwa kweli lilikuwa linafanya kazi nzuri.

Wageni walikuja saa kumi. Wali ulipofunuliwa, chembe moja moja, nazi imekolea, chini ukoko wa rangi ya dhahabu, sebule ilinyamaza. Watu walikula bila kuzungumza harusi ya mtu yeyote. Mzee wa chini alialikwa, akaongeza mara mbili. Nami nilikula, ningefanyaje, mahali ambapo wali umeshagharimu koni? Mama alipomwaga makaa, alumini ilikuwa imejikunja, katikati imetoboka, pembeni imegeuka kijivu. Akaishika kwa ncha za vidole, akasikitika.

"Vitu vya huku havina nguvu. Kupalia mara moja tu."

Usiku mke wangu alimweleza. Sikuwapo chumbani, ila nilisikia kimya kirefu, halafu sauti ya mama ikisema, "Sasa gitaa na kifuniko wapi na wapi?" Asubuhi aliniomba radhi rasmi, nami nikamwomba radhi yeye kwa kumtia mashaka, tukaombana radhi hadi chai ikapoa.

Nikaagiza koni mpya, yenye kisahani kipya. Ilipofika niliifungua chumbani nimejifungia. Hapo ndipo ufundi ulipo: ukingo wa ndani ya gitaa usafishwe, koni ikalie sawa pande zote, mifereji ya nyuzi darajani iwe na kina cha kutosha zisiruke, kisha nyuzi ukaze kidogo kidogo, zote kwa zamu, koni ipate kuzoea uzito. Nikakaza mpaka nyuzi zikatoa noti za mtindo wa G wazi, D, G, D, G, B, D, unaopendwa na watu wa Delta, kwa kuwa ukipiga nyuzi zote bila kugusa shingo unapata sauti zinazopatana tayari. Nikatoka sebuleni. Nikavaa kichupa kidoleni, kile cha kuteleza juu ya nyuzi. Nikapiga.

Vikombe vilitikisika kabatini. Mtoto aliamka. Sauti ilijaa nyumba, tamu, pana, na ndani yake, palepale ilipokuwa: zzzz.

Nikafungua skrubu tisa. Nikapindua koni, nikaizungusha, nikarudisha. Zzzz. Nikajaza kitambaa chini ya mkia wa nyuzi. Zzzz. Nikashika bati la juu kwa viwiko huku napiga. Mzee wa chini alipanda akaweka sikio, akasema ni koni. Mtu wa duka la magitaa, kwa simu, alisema ni koni.

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Akauweka chini, akaja, akasema, "Piga." Nikapiga. Akanyoosha kidole kimoja mpaka kichwa cha gitaa, akakibonyeza juu ya kikazio cha uzi wa tatu.

Kimya. Sauti safi kabisa.

Akaondoa kidole: zzzz. Akakirudisha: kimya. Nati ndogo ya kikazio ilikuwa imelegea na washa yake, kile kipete cha chuma, inacheza. Nikaikaza kwa spana, ikaisha. Ile koni ya zamani, marehemu, haikuwa na kosa lolote duniani.

"Nilikwambia hapa linalia vibaya," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Aliporudi Tanga kumbe alikuwa amechukua kipimo. Alipima mdomo wa gitaa kwa uzi, akapiga fundo, akauweka kwenye pochi. Miezi ikapita, mtu aliyekuwa anasafiri kuja Memphis akatuletea mzigo: khanga za binti, ubuyu, na kifurushi kizito chenye jina langu. Ndani mlikuwa na koni. Ya bati nene, imepigwa na mafundi bati wa Ngamiani, sentimeta 24 kamili, na katikati imetiwa kishikio. Ujumbe wake wa sauti ulisema kwamba hii haitaungua, niitie kwenye gitaa, na ile nyepesi niitupe.

Niliijaribu, kwa heshima. Kishikio kilizuia daraja kukaa, na hata nilipokikwepa, gitaa lilitoa sauti ya mtu anayegonga tangi la maji akiwa mbali. Kwa hiyo koni ya Ngamiani imekaa jikoni, na tangu ije hatujaigusa tena ile sufuria ya umeme.

Ijumaa iliyopita mama akapiga simu ya video.

"Baba Salma, nipigie nikisikie kifuniko changu."

Nikalichukua gitaa, nikapiga. Alisikiliza ameinamisha sikio kwenye simu.

"Umeona tofauti?"

"Nimeiona mama. Sauti imekuwa nzito."

Akafurahi sana. Akaanza kunieleza jinsi alivyowasimamia wale mafundi mpaka wakalichonga vizuri. Nyuma yangu mlango wa uani ukafunguka, mke wangu akaingia kashika sufuria kwa vitambaa viwili, kifuniko juu, jivu bado limo.

Mama akanyamaza. Uso wake ukasogea ukajaza kioo chote cha simu.

"Hebu geuza simu, Baba Salma."